Nyuzi za sauti sio nyuzi za gitaa

Watu wengi wanaamini kwamba kooni kuna nyuzi mbili zimekazwa, ukiongea zinapigwa kama za gitaa. Hii stori ni ya zamani kweli, mwaka 1741 Mfaransa Antoine Ferrein alichukua makoromeo ya maiti na ya mbwa akapuliza hewa yakatoa sauti, akazifananisha na nyuzi za fidla. Jaribio lilikuwa zuri tu, ufafanuzi ndio ulipotosha watu karne nzima na zaidi.

Ukweli ni kwamba zile ni mikunjo ya nyama yenye tabaka. Miaka ya 1970 daktari Minoru Hirano wa Japani alionyesha kwamba juu kuna ngozi nyembamba, chini yake tabaka laini laini kama jeli, halafu elastini (nyuzinyuzi zinazovutika), halafu kolajeni (nyuzinyuzi ngumu zaidi), na ndani kabisa msuli, kwa hiyo hewa ya mapafu ikipita, ile sehemu laini ya juu inateleza kama wimbi juu ya msuli, uzi hauwezi kufanya hivyo.

Sasa wanyama wanaingiaje? Huwezi kumkata mtu mwenye afya koo ukaangalie, anaweza kupoteza sauti moja kwa moja, ndiyo maana watafiti hutumia wanyama. Mbwa ametumika sana maana koromeo lake linakaribia letu kwa ukubwa, ila ile kano ya kati tuliyonayo sisi, yaani zile tabaka za elastini na kolajeni, yeye hana ya kueleweka, na binadamu mwenyewe akizaliwa bado hajawa nayo, inajijenga anavyokua. Sungura anapendwa kwenye utafiti wa makovu ya mikunjo hiyo.