"Bibi, mimi ni nani?"

Kila mgeni anayeingia kwetu Igoma, Mwanza, huanza na swali hilo, tena kwa sauti ya juu kana kwamba Bibi ni kiziwi. Bibi anatabasamu, jina linakataa kuja. Mgeni anatugeukia: "Basi tena, ameshatusahau." Ndiyo dimenshia, ugonjwa wa kusahau, na maneno yanayouzunguka ni mengi kuliko dagaa wa soko la Mwaloni.

Dhana: Akisahau jina lako, mapenzi yamekwisha

Ukweli: Jina na hisia havikai chumba kimoja kwenye ubongo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia, vipande vya filamu, vya kuhuzunisha na vya kufurahisha. Muda mfupi baadaye walikumbuka kidogo sana walichokiona, ila huzuni au furaha yenyewe ilikuwa bado imewakaa moyoni. Kwa hiyo wewe unayesema "nikamsalimie ya nini, nikitoka tu kasahau", ujue uchangamfu wako unabaki naye ukishaondoka. Ukimfokea, hivyo hivyo.

Sisi tumeacha kumtahini. Mjukuu akifika anapiga goti, "Mwangaluka, Bibi!", naye anaitikia bila kusita. Kisha mtoto anajitaja mwenyewe: "Mimi Kulwa, nimekuletea sato." Bibi anakishika kiganja chake, anakikagua kidole kwa kidole, anauliza, "Umekula?" Ataliuliza hilo mara tatu.

Dhana: Akikosea, msahihishe ili arudi kwenye hali yake

Jioni, upepo wa ziwani ukianza, Bibi huuliza kama meli ya Nansio imefika, maana Babu yumo. Babu tulimzika zamani. Mwanzoni tulimwambia ukweli. Akaangua kilio kama ndiyo kwanza anapata taarifa. Ukimwambia mara nne kwa siku, amefiwa mara nne. Siku hizi namuuliza, "Akifika Babu hupenda kula nini?" Basi ataeleza matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga mpaka usingizi umpitie. Shangazi anasema namdanganya. Mimi sioni uongo kwenye swali.

Dhana: Amerogwa, au mchawi ni yeye

Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu, yaliyoiva kwa moshi wa kuni. Anayetangatanga usiku akiongea peke yake naye ni rahisi kunyooshewa kidole. Ukweli: ni seli za ubongo zinazokufa. Mpelekeni hospitali mapema, kwani sonona, hitilafu ya tezi ya shingo au upungufu wa vitamini B12 pia huleta usahaulifu, na hivyo vinatibika.

Dhana: Ndoa hapo imebaki jina

Jirani yetu, mvuvi mstaafu, humchana mkewe nywele kila asubuhi barazani. Mke humwita "kaka", na mzee kaacha kubisha. Siku mzee akichelewa kurudi kutoka dukani, yule mama huketi kwenye kigoda, chanuo mkononi, macho getini.