Je, watu 1,000 wanaweza kusemea nchi nzima?

Uchaguzi ukikaribia, vijiweni Mwanga na Ujiji hapa Kigoma husikika hoja ileile: kura za maoni, yaani utafiti wa kuuliza watu wanamtaka nani, si za kuaminika, maana wahojiwa ni 1,000 au 1,500 tu katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60, na hakuna anayemjua hata mmoja aliyeulizwa. Hoja hiyo inaeleweka.

Lakini wingi si kitu kama wahojiwa wamepatikana vibaya. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, na bado likakosea mshindi wa urais. Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari. Kinyume chake, wahojiwa 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kwa kawaida hutoa matokeo yanayopishana na hali halisi kwa takriban asilimia 3, juu au chini.

Chukua Kibirizi hapa Kigoma. Mhoji akifika mwaloni, mahali wavuvi wanapoteremshia samaki, saa nne asubuhi, wavuvi wa dagaa waliokesha ziwani na taa zao wamelala. Atawakuta wachuuzi na wanaoanika. Hata akihoji 5,000 kwa mtindo huo, sauti ya wavuvi haimo.

Basi ukisoma matokeo, angalia nani alilipia, lini watu walihojiwa, kwa simu au nyumba kwa nyumba, na swali liliulizwaje, neno kwa neno. Wagombea wakiwa na asilimia 48 na 46, tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile asilimia 3 ya kupishana, hivyo mwandishi makini hamtangazi anayeongoza. Taarifa inayoficha hayo mimi siipi uzito, hata ikimpendelea ninayemuunga mkono.