Data zinavyopotea wakati wa kuziingiza kwenye programu ya takwimu

Kata ya Mang'onyi, wilayani Ikungi mkoani Singida, ina ritifaa (alama ya ') moja katika jina lake. Ritifaa hiyo ikiingia kwenye R, programu ya takwimu, bila maelekezo ya kutosha, kaya za kata hiyo hupotea, na zinaondoka na kaya za kata nyingine zilizo katikati yake. Sababu ni kwamba amri ya read.table, ile ya kusoma jedwali, ukiipa alama ya kutenganisha safu (kitenganishi) kama mkato na kuacha mpangilio wake wa kawaida wa nukuu, huhesabu ritifaa kuwa alama ya nukuu. Ikifika kwenye Mang'onyi ya kwanza, inafungua nukuu na kumeza kila kinachofuata, vitenganishi na mistari mizima, mpaka ikutane na Mang'onyi ya pili ndipo ifunge. Na kwa kuwa jina la kata hukaa kwenye safu ile ile katika kila mstari, idadi ya safu inatimia. Unabaki na mstari ambao mwanzo wake ni wa kaya moja na mwisho wake ni wa kaya nyingine. Onyo huweza lisitokee kabisa, hasa pale ritifaa zote kwenye faili zinapopata mwenza wa kufungia.

Ng'hong'onha, kata ya Jiji la Dodoma, ina ritifaa mbili, kwa hiyo nukuu inafunguka na kufungwa ndani ya jina lenyewe. Mistari inasalimika, ila jina linatoka likiwa Nghongonha, na ukitaka kuliunganisha na orodha rasmi ya kata halipatikani.

Dawa yake ni fupi. Ndani ya read.table andika quote = "\"" ili alama za nukuu mbili pekee ndizo zitambuliwe, au tumia read.csv ambayo tayari imepangwa hivyo. Hata hivyo, usiishie hapo. Ritifaa iliyoandikwa kwenye Word mara nyingi hupindwa, na ya kwenye faili la maandishi ya kawaida ni ya wima. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo jedwali lako litaonyesha kata moja mara mbili, kila moja na idadi yake. Ukiona â€™ katikati ya jina, ujue faili lililohifadhiwa kwa UTF-8 limesomwa kwa usimbaji (namna ya kompyuta kuhifadhi herufi) wa zamani wa Windows. Lisome upya kwa usimbaji sahihi badala ya kusahihisha jina moja moja kwa mkono.

Nimeanza na ritifaa kwa sababu majina ya kanda yetu yamejaa alama hiyo, ilhali mifano mingi ya mafunzo imeandikwa mahali ambako haionekani mara kwa mara. Kaya iliyomezwa namna hii haitahesabiwa siku ya kupanga kisima au zahanati, na mwenye kaya hatajua kamwe kwamba majibu aliyompa mdadisi hayakufika.

Tatizo la pili ni programu kukisia. Faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi yenye mikato kati ya safu, halibebi maelezo kwamba safu hii ni namba na ile ni maandishi; programu huamua yenyewe kwa kutazama yaliyomo. Msimbo wa Mkoa wa Dodoma katika takwimu rasmi ni 01. Ukisomwa kama namba unakuwa 1, na msimbo wa kijiji uliounganishwa nao unapungua tarakimu. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mwanzo.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ndiyo inayoumia zaidi. Ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu za mwanzo. Zilizobaki huzigeuza sifuri. Tarakimu 8 za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, 5 zinazofuata ni msimbo wa posta. Kwa hiyo watu wawili waliozaliwa siku moja na wenye msimbo mmoja wa posta wanaweza kuonekana kuwa mtu mmoja. Mara nyingi uharibifu huu hutokea kabla data hazijamfikia mchambuzi: mtu amebofya faili lifunguke kwenye Excel, akalitazama, akalihifadhi. Zilizofutika hapo hazirudi, isipokuwa faili la awali lipo. Litunze bila kuliandika chochote, na ufanye kazi kwenye nakala.

Tarehe zinadanganya kwa utulivu zaidi. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itasoma 05/12/2023 kuwa Mei 12, huku 25/12/2023 ikiiacha kama maandishi kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Sehemu ya safu inageuka, sehemu inabaki. Hapa ujuzi wa mahali unasaidia kuliko programu: hakuna anayepanda mtama wa kutegemea mvua Kongwa, mkoani Dodoma, mwezi Mei, kwa hiyo tarehe kama hiyo ni dalili ya kosa.

Vivyo hivyo kwa mvua. Baadhi ya waandishi wa data hujaza 999 pale ambapo kipimo hakikusomwa. Mvua ya Dodoma kwa mwaka mzima ni takriban milimita 600 au chini yake, kwa hiyo 999 moja tu iliyopita kama mvua ya siku inaharibu wastani wa msimu. Tazama kima cha juu na cha chini cha kila safu kabla ya kukokotoa lolote.

Ninachoshauri ni kusoma kila safu kama maandishi kwanza, kisha kuzigeuza moja moja ukijua unachofanya. Kwenye R weka colClasses = "character". Kwenye Stata, programu nyingine ya takwimu, amri ya import delimited ina chaguo la stringcols(_all), halafu unatumia destring kugeuza kuwa namba safu unazozitaka. Kwenye SPSS, nayo ya takwimu, jihadhari na kukisia kwa asilimia: katika matoleo ya karibuni, asilimia 95 ya thamani zikifanana na namba, safu yote inakuwa namba, na zile chache zisizolingana zinageuzwa kuwa tupu. Fedha zilizoandikwa 1,250,000 ziondolee mikato hiyo wewe mwenyewe. Futa mstari wa JUMLA chini ya jedwali, la sivyo utahesabu kila kitu mara mbili. Ondoa nafasi tupu mwishoni mwa majina, maana "Bahi" yenye nafasi na isiyo nayo ni wilaya mbili machoni pa programu.

Halafu hesabu. Amri ya count.fields kwenye R, ukiipa kitenganishi cha faili na quote = "", itakuonyesha kila mstari una safu ngapi. Mstari wenye safu pungufu mara nyingi umekatwa na mdadisi aliyebonyeza kitufe cha kushuka mstari akiandika maoni. Wenye safu za ziada una mkato ndani ya jibu. Mwisho, linganisha idadi ya madodoso ya kila kata uliyonayo kwenye programu na idadi aliyokabidhi msimamizi wa wadadisi kwa maandishi. Zikitofautiana hata kwa dodoso moja, rudi kwenye faili la awali kabla hujatengeneza jedwali la kwanza.