Je, wajua kwa nini programu ya Java inayokubali Moshi hugoma Arusha?

Tuseme chama cha wakulima wa kahawa Moshi kina programu ya Java ya kupokea mizigo na kulipa wakulima, nayo inakaa kwenye seva ya GlassFish. Chama kingine cha Arusha kinaitaka, ila wao wanatumia WildFly. Faili la `.war`, yaani kifurushi cha programu yenyewe, ni lile lile, na seva zote mbili zinafuata kiwango cha Jakarta EE, yaani kanuni za pamoja za programu za Java za kwenye seva. Bado inagoma kuwaka. Au inawaka vizuri tu, kisha inagoma siku ya malipo, foleni ikiwa mlangoni.

Tatizo ni kwamba seva huruhusu mengi ambayo kiwango hakikuahidi, na mwandishi wa programu huyazoea bila kujua.

Hiyo ajali ya siku ya malipo kwa kawaida hutoka kwenye JPA, sehemu ya kiwango inayohusu kusoma na kuhifadhi data kwenye hifadhidata. Maktaba zinazoitekeleza ni tofauti: GlassFish huja na EclipseLink, WildFly huja na Hibernate. Ukimsoma mkulima, muamala wa hifadhidata ukafungwa, kisha ukaomba orodha ya mizigo yake ambayo haijapakiwa, EclipseLink mara nyingi itakuletea kimya kimya. Hibernate itatupa `LazyInitializationException`. Hibernate haina kosa: kiwango hakimlazimishi yeyote kukuletea. Vuta orodha kwa `JOIN FETCH` muamala ukiwa bado wazi, na seva zote zitaelewana.

Namba za utambulisho nazo zina mtego. Ukiandika `GenerationType.AUTO`, kila maktaba huchagua njia yake ya kuzitoa. Taja `SEQUENCE` (kihesabu cha hifadhidata) na jina lake, na hakikisha `allocationSize`, ambayo bila kuiandika ni 50, inalingana na hatua ya kuongezeka kwenye hifadhidata yenyewe. Zikipishana, namba zinaweza kugongana.

Majina yamepungua usumbufu. Kabla ya Java EE 6 ya mwaka 2009 kila seva ilikuwa na mtindo wake wa kuziita EJB, yaani vipande vya programu vinavyosimamiwa na seva. Sasa kuna `java:global/malipo/HesabuBean`, ingawa kutumia `@Inject`, ambayo huiachia seva kukuletea kipande bila jina lolote, ni bora zaidi. Chanzo cha data ndicho bado kinasumbua: huku `jdbc/kahawa`, kule `java:jboss/datasources/KahawaDS`. Mstari huo wa `persistence.xml`, faili la mipangilio ya JPA, ujazwe na Maven, zana ya kujenga programu, wakati wa kujenga, kila seva na profaili yake.

Angalia pia toleo. Mwaka 2020 Jakarta EE 9 ilibadilisha mwanzo wa majina ya vifurushi vyake vya msimbo kutoka `javax` kuwa `jakarta`. GlassFish 5 na WildFly 26 ni za `javax`. GlassFish 6 na WildFly 27 ni za `jakarta`. Ukichanganya, mara nyingine logi haina kosa lolote, anotesheni (zile alama za `@`) zimepuuzwa tu, na kivinjari kinarudisha 404, yaani ukurasa haupatikani.

Maktaba za API za kiwango hicho zipewe `provided` kwenye Maven, yaani seva inazo tayari, zisiingie `WEB-INF/lib`, la sivyo utakutana na `ClassCastException` kati ya klasi mbili zenye jina moja. Na usianzishe nyuzi, yaani kazi za sambamba, kwa `new Thread()`. Tumia `ManagedExecutorService`, iliyopo tangu Java EE 7, maana uzi wa kujianzishia hauna uhakika wa kupata majina ya `java:comp`, yale ya ndani ya programu, wala utambulisho wa mtumiaji.