Mtihani wa famakolojia huanza kabla ya siku ya mtihani

Kila mwanzo wa muhula, swali la kwanza ninaloulizwa darasani halihusu dawa. "Mwalimu, mahudhurio yanahesabiwa?" Yanahesabiwa. Ila anayeuliza hivyo kwa kawaida hajausoma ukurasa wa masharti ya kozi hadi mwisho, na ndiye ninayemwona wiki mbili kabla ya mtihani akigonga mlango wa ofisi: jina lake halimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuketi. Wengi niliowaona wakikwama kwenye famakolojia, somo la dawa na kazi zake mwilini, walikwama hapo, hata karatasi ya maswali hawajaigusa.

Tuanze na krediti. Krediti hupima kazi, haipimi akili. Katika mfumo wa ECTS unaotumiwa na vyuo vya Ulaya, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Kozi ya krediti 8, basi, ni saa 200 hadi 240. Ukijumlisha mihadhara, semina na vitendo kwenye ratiba unaweza kupata saa 90 hivi. Zilizobaki hazionekani kwa sababu ni zako, wewe na daftari lako. Anayelalamika kwamba kozi ni nzito kuliko krediti zake mara nyingi amehesabu za darasani tu. (Kuna mwaka tuliongeza mada nzima za dawa za kuua bakteria bila kugusa krediti. Waliolalamika mwaka ule walikuwa na haki.)

Halafu kuna vyuo ambako "kupata krediti" kuna maana ya pili: kuthibitishiwa kwamba umetimiza masharti ya kozi, na bila uthibitisho huo huingii kwenye mtihani. Masharti yenyewe hayatofautiani sana: vitendo vyote vimehudhuriwa, majaribio ya muhula yamefaulu, zoezi la kuandika cheti cha dawa limekubaliwa, jaribio la hesabu za dozi limepita. Kuhusu vitendo niseme moja tu. Karatasi ya daktari inakusamehe kutokuwepo, haikusamehi kazi. Tafuta kundi jingine ufidie wiki ileile, usisubiri mwisho wa muhula makundi yakiwa yamejaa.

Hesabu za dozi ndizo zinazoleta machozi, kwa sababu alama ya kufaulu ni asilimia 100 au inakaribia hapo, na njia sahihi yenye jibu potofu haipati kitu. Chukua swali hili. Mtoto ana kilo 20, anahitaji parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, na syrup iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Dozi ni miligramu 300, yaani mililita 12.5. Kijana mmoja aliniletea karatasi iliyosomeka mililita 125. "Mwalimu, njia si iko sawa?" Iko sawa, hatua kwa hatua, nukta tu imeteleza. Nikamwuliza chupa ya syrup hiyo huwa na mililita ngapi. Akafikiri, akasema 100. Akanyamaza. Dozi yake moja ilikuwa inamaliza chupa na kudai nyingine. Tangu siku ile nawaambia wote: ukipata jibu, liweke mkononi kwanza. Je, ni kijiko, ni sindano, au ni ndoo?

Swali jingine nalirudia karibu kila mwaka na bado linavuna watu. Adrenalini ya 1 kwa 1,000 ina miligramu 1 katika kila mililita. Ile ya 1 kwa 10,000 ina miligramu 0.1. Mtu mzima aliyepata mzio mkali hupewa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, yaani nusu mililita ya ile ya kwanza. Mwanafunzi anaiona namba kubwa, 10,000, anadhani ndiyo dawa kali zaidi.

Kwenye cheti cha dawa tunakata alama kwa mambo yanayoonekana madogo. Ukiandika .5 bila sifuri mbele, umekosa, maana nukta ikififia inabaki 5. Ukiandika 5.0, umekosa pia, maana inasomeka 50. Mikrogramu iandikwe kwa kirefu. Yuniti za insulini vilevile, kwa sababu herufi U iliyoandikwa kwa haraka imeshasomwa kama sifuri na 10 ikawa 100. Jina la dawa liwe la kimataifa, lile la orodha ambazo Shirika la Afya Duniani limekuwa likichapisha tangu 1953, siyo la kampuni. Hapa sheria inakusaidia wewe mwenyewe: ukiona jina linaishia na -olol, -pril au -sartan, kundi la dawa umeshalijua kabla hujakumbuka lolote.

Kuna pia kanuni ya kosa la kuua. Mtu anaweza kupata alama zote za cheti, kisha akaandika methotreksati ya baridi yabisi kila siku badala ya mara moja kwa wiki. Swali zima linaanguka. Wenzangu wengine wanaiona kali mno. Mimi naiunga mkono bila kigugumizi.

Nisichokipenda ni kukatwa alama kwenye maswali ya kuchagua. Lakini kama chuo chako kinakata, piga hesabu, usiogope. Majibu matano, sahihi ni alama 1, kosa ni kutoa 0.25: ukibahatisha kipofu, kwa wastani unapata sifuri. Ukiweza kufuta jibu moja tu kwa uhakika, kubahatisha kati ya manne yaliyobaki tayari kuna faida, ndogo lakini ipo. Waoga huacha wazi na kupoteza.

Mtihani wa mdomo una adabu yake. Unachota kadi, unapewa dakika chache za kujipanga, unazungumza. Nilikuwa na msichana aliyepata digoksini, dawa ya moyo. Alieleza pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye seli kama aliyeitengeneza, dakika tano bila kupumua. Nikamwuliza: mgonjwa huyu anatumia pia furosemidi, dawa ya kukojoza, utapima nini kwenye damu? Kimya. Jibu alikuwa amelitamka mwenyewe dakika mbili nyuma: potasiamu hugombania nafasi na digoksini kwenye pampu ileile, na furosemidi huipunguza mwilini, kwa hiyo digoksini inashika zaidi na sumu inakaribia. Alifaulu, ila si kwa alama alizostahili.

Wanaouliza kwa nini haturuhusu vitabu hunitajia Uingereza, ambako wanafunzi wa mwaka wa mwisho hufanya mtihani wa usalama wa kuandika dawa wakiruhusiwa kufungua BNF, kitabu cha rejea cha dawa cha huko. Ni kweli. Mtihani ule unapima kama unajua kukitumia kitabu. Wetu unapima yale ambayo hutakuwa na muda wa kuyafungua mgonjwa akiwa hapumui.

Kuhusu sapu, yaani mtihani wa marudio, kabla hujaingiwa na hofu ya kudisko, kuondolewa chuoni, uliza mambo mawili kwa maandishi: alama za muhula zinabebwa au zinafutwa, na daraja la marudio lina kikomo?

Vifaa: kikokotoo cha kawaida ruksa, simu hapana, hata ikizimwa. Muhula uliopita simu iliita ndani ya koti jeupe lililotundikwa nyuma ya mlango. Mwenye koti alikuwa amebakiza maswali manne. Karatasi yake haikusahihishwa.