Adobe: udongo uliojenga mji wa Santa Fe

Adobe ni tofali la udongo lisilochomwa. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na mchanga, maji na majani makavu ya ngano, tofali likafyatuliwa kwa kalibu ya mbao na kuachwa juani hadi likauke. Jina hilohilo hutumika kwa ukuta, hata kwa nyumba nzima. Anayetaka kuielewa Santa Fe, mji mkuu wa jimbo la New Mexico huko kusini magharibi mwa Marekani, na aanzie kwenye tofali hili.

Wahispania waliufanya mji huo makao ya koloni lao mnamo 1610, na hakuna mji mkuu wa jimbo Marekani ulio mkongwe kuliko huo. Lakini nyumba za udongo hawakuja nazo wao. Wapueblo, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wakijenga nyumba za ghorofa kwa karne nyingi, wakipandisha ukuta tabaka kwa tabaka kwa tope lililokandwa kwa mikono. Wahispania walileta kalibu na mazoea ya kutia majani ya ngano. Ufundi wa pande hizo mbili ulikutana chini ya utawala wa mabavu wa Wahispania, na hilo ni lazima lisemwe. Mwaka 1680 Wapueblo, wakiongozwa na Po'pay, waliasi na kuwafukuza Wahispania kwa miaka 12. Jumba la Magavana, ambalo hadi leo limeukabili uwanja mkuu wa mji, wakaligeuza makazi yao. Leo jumba hilo ni makumbusho, na barazani mwake mafundi wa asili huketi wakiuza vito na vyungu walivyotengeneza wenyewe.

Ukuta wa adobe ni mnene. Mchana hunyonya joto polepole na usiku hulirudisha ndani, jambo kubwa kwa mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wenye jua kali na usiku wa baridi. Paa ni bapa: boriti za magogo ambazo ncha zake hutokeza nje ya ukuta, juu yake fito, kisha udongo. Mifereji ya mbao huyatema maji ya mvua mbali na ukuta, kwa sababu adui wa adobe ni maji.

Ndiyo maana nyumba hizi hukandikwa upya mara kwa mara, kazi ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanawake, na ujuzi wao unastahili heshima ileile apewayo mjenzi. Kuna waliodhani saruji ingewapunguzia kazi hiyo. Kaskazini mwa Santa Fe, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko huko Ranchos de Taos, lipu ya saruji ilipigwa mwaka 1967. Unyevu ukaingia ukakosa pa kutokea, na tofali zikaanza kulainika kwa ndani. Mwaka 1979 saruji ilibanduliwa, na tangu hapo waumini hukusanyika kila mwaka kulikandika kanisa lao kwa tope na majani.

Santa Fe nayo nusura iupoteze udongo wake. Reli ilipofika mwaka 1880, matofali ya kuchoma na mitindo ya mashariki ya nchi ikawa ndiyo fahari. Mwanzoni mwa karne ya 20 viongozi wa mji waliamua kurudi kwenye sura ya zamani, na sheria ya 1957 ikalazimisha majengo ya eneo la kihistoria kuifuata. Sheria hiyo iliokoa mandhari, ila inalinda sura kuliko ufundi: majengo mengi ya rangi ya udongo yanayoonekana leo ni fremu za mbao zilizopigwa lipu ya saruji, kwani adobe halisi inataka mikono mingi na gharama yake ni kubwa. Ukitaka kuzitofautisha, tazama dirisha. Kwenye adobe ya kweli limezama ndani sana, na kizingiti chake kina upana wa kumtosha mtu kukaa.