Hesabu iwe ndani ya gemu, isiwe ushuru wa kuingilia

Nimeambiwa tena, safari hii na mtu anayenunulia shule vifaa: "Wawekeeni gemu, wataipenda hesabu." Nimechoka na kauli hii. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu akipenda gemu, amependa gemu. Hesabu ni habari nyingine.

Gemu nyingi ninazoletewa ni za mtindo mmoja: shujaa anakutana na zimwi, zimwi linauliza 7 mara 8, ukijibu unapewa upanga. Weka swali la historia mahali pa lile la hesabu, gemu haibadiliki hata chembe. Hesabu hapo ni ushuru tu, na watoto wanajua. Wanabahatisha haraka haraka wafike kwenye upanga.

Gemu ya kuigiza ninayoitetea ni ile ambayo mhusika hawezi kuamua lolote bila kupiga hesabu au kupima. River City, gemu ya kompyuta iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Harvard chini ya mtafiti Chris Dede, ilimpeleka mwanafunzi kwenye mji wa karne ya 19 wenye wagonjwa wengi: apime maji, ahoji wakazi, atunge dhana na kuijaribu. Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria, wenye kichocho na malaria, hilo halihitaji maelezo.

Yangu ni nyepesi, inakubali hata kompyuta kuukuu. Kuna mwalo mmoja wenye sato 400, wanaoongezeka kwa asilimia 20 kila msimu. Mmoja anaigiza mwenye mtumbwi, mwingine mchuuzi, mwingine mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni. Wakivua 80, idadi inabaki palepale. Mchuuzi siku zote anataka 100. Kabla hawajabonyeza chochote, kila mmoja aandike kwenye daftari: samaki wataisha msimu wa ngapi? Wengi huandika 20, kwa kuwa wanaovuliwa wanapita wanaoongezeka kwa samaki 20 tu, na 400 gawa kwa 20 ni 20. Ndipo wanacheza. 380. 356. 327. Pengo lenyewe linakua, 20, 24, 29, maana waliobaki ni wachache na wanazaa wachache. Ukifika msimu wa tisa, samaki 100 hawapatikani tena. Mwenye mtumbwi anamgeukia mwenyekiti, "Uliruhusu wewe!", na mwenyekiti anarudi daftarini kutafuta alipokosea.

Walimu wenzangu, sehemu mnayoiruka ni hiyo ya daftari. Bila utabiri ulioandikwa, samaki wakiisha wanabonyeza kuanza upya, na kipindi kimekwisha.

Mausi izungushwe kila msimu, la sivyo anayeishika anajifunza peke yake.

Kanuni yangu ina kasoro. Asilimia isiyobadilika haipo ziwani. Sangara aliingizwa kuanzia miaka ya 1950, furu, samaki wadogo wa asili anaowala, wakaporomoka miaka ya 1980, na gemu yangu haina mahali pa kumweka sangara wala kokoro, wavu wa kukokota hadi ufukweni. Nawaagiza waziandike kasoro hizo. Watoto wa mialo ya Igombe na Kayenze wanazijua kuliko mimi.

Linaloninyima raha ni mtihani. Ubishi wote unakwenda kwa Kiswahili na Kisukuma, karatasi ya NECTA, Baraza la Mitihani, inakuja kwa Kiingereza na haina samaki. Wapo wanaoutawala mwalo vizuri kabisa, kisha swali la mfuatano wa kijiometri, ambao kila namba inazidishwa kwa kiasi kilekile kupata inayofuata, linawashinda. Siku hizi nawapa swali lilelile kwa Kiingereza mara tu baada ya kucheza. Baadhi wanaunganisha. Wengine hapana, na bado natafuta swali la katikati litakalowavusha.